Kumulikwa na taa usiku: anza na kioo chako na ukuta, si dukani

Maswali ni yaleyale kila wiki. Ninunue miwani ya njano? Nifunge LED kali zaidi? Mbona kila lori ninalopishana nalo kati ya Pongwe na Muheza, mkoani Tanga, linanimulika hadi barabara inapotea? Na lile linalowaudhi wengi: mbona wenzangu wananipigia fulu ilhali nimeshapunguza taa?

Jibu la yote linaanzia mahali pamoja. Usinunue kitu chochote kabla hujasafisha kioo cha mbele kwa ndani, na kabla hujalisimamisha gari mbele ya ukuta ukapima taa zako. Kazi hizi mbili hugharimu kidogo mno kuliko globu mpya, na ndizo zinazorukwa na karibu kila mtu.

Katika maelezo haya, "fulu" ni taa ndefu na "dimu" ni taa zilizopunguzwa.

Nadharia ni fupi. Mwanga mkali ukigonga vumbi na mafuta yaliyo kwenye kioo, au ukiingia moja kwa moja jichoni, husambaa na kufunika vitu hafifu vilivyo pembeni yake. Mtu mwenye shati jeusi hajaondoka barabarani. Amefunikwa na utando wa mwanga. Basi una mambo mawili ya kufanya: kuupunguza utando huo, na kwenda mwendo unaokuwezesha kusimama ndani ya kile unachokiona.

Andaa vitu hivi kwanza

- Vitambaa vitatu vya pamba visivyoacha nyuzi. Fulana kuukuu iliyofuliwa bila dawa ya kulainisha nguo inafaa.
- Ndoo ya maji safi ya bomba, sabuni ya vyombo, na spiriti au siki nyeupe.
- Msasa wa maji namba 800, 1000 na 2000. Kama taa zimekuwa njano kabisa, ongeza namba 600.
- Tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, dawa ya kung'arishia rangi ya gari, na laka ya kupuliza yenye kinga dhidi ya jua.
- Tepu ya kupimia ya mita 5 au zaidi, chaki, na uzi wa mita 10.
- Bisibisi ya nyota yenye shingo ndefu, spana namba 8 na 10, kipimo cha upepo wa matairi, na multimita.
- Mtu wa kukaa kwenye kiti cha dereva wakati unapima.
- Ukuta wenye nafasi ya kutosha kurudisha gari nyuma mita 5 kutoka kwenye taa.

Kuhusu nafasi hiyo, watu wengi hutafuta sakafu iliyo sawa kama meza na kukata tamaa. Si lazima. Mteremko mmoja usiobadilika, kuanzia ukutani hadi chini ya magurudumu ya nyuma, hauharibu kipimo, kwa sababu alama za ukutani utazipima kutoka sakafu hiyohiyo. Kinachoharibu ni sakafu iliyovunjika: tambarare karibu na ukuta, kisha inainama kuelekea mfereji wa maji ya mvua. Vuta uzi chini kutoka ukutani hadi gurudumu la nyuma litakaposimama. Ukiona uwazi unaozidi sentimita 1 chini ya uzi, au uzi umelala juu ya kinundu, hamia ukuta mwingine.

Hatua

1. Osha kioo cha mbele, ndani kabla ya nje. Jua la Tanga likichoma dashibodi siku nzima, plastiki hutoa mvuke unaoganda kwenye kioo kama mafuta mepesi. Mchana huuoni. Usiku, kila taa inayokuja inakuwa na manyoya. Anza na maji yenye matone mawili matatu ya sabuni, pangusa, kisha futa kwa maji matupu. Chukua kitambaa cha pili chenye spiriti kidogo, au siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, na umalizie na kitambaa cha tatu kikavu. Ndani pangusa kwa kwenda juu na chini, nje kwa kwenda kushoto na kulia; ukiona mchirizi utajua uko upande gani. Nje kuna chumvi ya bahari, hasa kwa gari linalolala Raskazone au popote karibu na ufuo, kwa hiyo miminia maji mengi kwanza. Ukisugua chumvi na mchanga vikiwa vikavu unachora kioo.

Usitumie mafuta ya taa wala dizeli. Yanaondoa uchafu na kuacha utando wake. Na zile dawa za kuipa dashibodi mng'ao ni adui wa kioo: zinapanda kama mvuke na kurudi palepale, tena mng'ao wenyewe unajiakisi kwenye kioo.

2. Kagua mikwaruzo na waipa. Usiku, simama nje ya gari, mtu amulike kioo kwa tochi kutoka ndani. Ukiona nusu duara za mistari myembamba inayofuata njia ya waipa, hiyo ni mikwaruzo ya mchanga, na ndiyo inayofanya taa zionekane kama nyota zenye miale mirefu. Dawa ya meno haiiondoi. Mikwaruzo mingi mbele ya macho ya dereva maana yake ni kioo kipya. Raba za waipa hukaushwa na jua hata kama mvua hainyeshi. Zibadili kila mwaka, kabla ya masika ya Machi. Tinti iliyobandikwa juu ya kioo cha mbele ibandue. Inapunguza mwanga wote, ukiwemo ule hafifu unaorudi kutoka kwa mtembea kwa miguu, na huo ndio unaouhitaji.

3. Safisha mifuniko ya taa. Mifuniko ya plastiki hugeuka njano jua linapokula kinga yake ya kiwandani. Taa ya namna hiyo ina hasara mbili: mwanga wako unapungua mbele, na unaobaki unasambaa juu hadi machoni mwa wenzako. (Kama gari lako ni la zamani na mfuniko ni wa kioo halisi, usiguse msasa. Osha tu.)

Zungushia taa tepu ya karatasi, tabaka mbili, ili usikwaruze rangi. Lowesha, piga msasa namba 800 kwa kwenda kushoto na kulia hadi taa nzima iwe na weupe wa maziwa uliolingana, bila doa la njano. Kama njano imekolea mno, tangulia na namba 600. Suuza. Ingia namba 1000 kwa kwenda juu na chini, hadi mistari ya msasa wa kwanza iishe. Kisha 2000. Maji yasikauke hata mara moja. Pakaza dawa ya kung'arishia, sugua, osha, kausha, pangusa kwa spiriti, kisha puliza laka tabaka mbili au tatu nyembamba, ukiacha dakika 10 hivi katikati au kama kopo linavyoagiza.

Makosa makubwa hapa ni mawili. La kwanza ni kuacha laka. Msasa umemaliza kinga iliyokuwa imebaki, kwa hiyo taa itang'aa sasa na kurudi njano baada ya miezi michache. Dawa ya meno ina kasoro hiyohiyo, ila yenyewe hairudishi hata mng'ao kamili. La pili ni kupuliza laka jioni. Hewa ya pwani ikiwa na unyevu, laka inaganda ikiwa na ukungu mweupe ndani. Ifanye kazi hii kuanzia saa 4 asubuhi, jua limekausha hewa, kivulini, mahali pasipo upepo wa baharini.

4. Hakikisha globu ni yenyewe na imekaa sawa. Magari mengi ya kawaida hutumia H4, yenye nyuzi mbili ndani: wati 55 za dimu na wati 60 za fulu. Mengine yana globu mbili tofauti kila upande, kwa mfano H7 au H11 ya wati 55 kwa dimu. Aina imeandikwa kwenye kitako cha globu au kwenye mfuniko wa taa. H4 ina masikio matatu, na moja ni pana kuliko mengine. Hilo pana hukaa juu. Ukilazimisha vinginevyo, klipu ya waya inaweza kufunga, lakini mwanga utakwenda kusikotakiwa. Usishike kioo cha globu kwa vidole. Mafuta ya ngozi huchemka juu yake na globu hufa mapema. Ukiigusa, ifute kwa spiriti.

Globu za wati 90 au 100 ziache dukani. Waya na soketi zimetengenezwa kwa ampea 5 hivi kila taa. Ukizivutia 8, soketi inayeyuka, na kioo cha ndani kinachorudisha mwanga kinapoteza utando wake unaong'aa kama fedha.

Kuhusu LED tuseme wazi, kwa sababu ndilo swali linaloongoza. Kioo cha ndani cha taa ya globu ya kawaida kimechongwa kukusanya mwanga unaotoka kwenye uzi wa milimita chache, uliokaa mahali pamoja kamili. LED ya kubandika, yaani ile inayowekwa mahali pa globu ya kawaida, haitoi mwanga kutoka pale. Ukikaa ndani ya gari unaona weupe mwingi karibu na bampa na unafurahi, kumbe mbali, kunakotakiwa, mwanga umepungua, na ule uliotawanyika unampiga dereva wa mbele. Gari lililotoka kiwandani na LED ni habari nyingine. Taa yake yote imeundwa kwa ajili hiyo. Kama umeshafunga za kubandika, subiri hatua ya 8. Ukuta utakupa jibu.

5. Pima umeme unaofika kwenye taa. Washa injini na dimu. Pima betri: unategemea volti 13.8 hadi 14.4. Sasa ingiza ncha nyekundu ya multimita nyuma ya soketi ya taa kwenye waya wa dimu, ncha nyeusi kwenye waya hasi wa soketi hiyohiyo, taa ikiwa inawaka. Tofauti na betri isizidi nusu volti. Globu ya uzi ni nyepesi kudhoofika: umeme ukipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Gari la pwani karibu kila mara hupoteza umeme kwenye waya hasi unaofungwa bodini, pale chumvi imeota kutu chini ya nati. Fungua, piga msasa hadi chuma king'ae, funga, pakaza grisi. Mara nyingi "taa zangu hazina nguvu" huishia hapo.

Taa ya zenoni (inayowaka kwa gesi, bila uzi ndani) usiifungue. Wakati wa kuwaka hutumia umeme wa volti elfu nyingi, na si kazi ya kujifunzia nyumbani.

6. Liweke gari katika hali yake ya kawaida. Upepo wa matairi kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, tangi nusu, buti tupu, mtu mmoja kwenye kiti cha dereva. Tafuta kibonyezo cha kuzungusha chenye namba 0 hadi 5 (kwingine 0 hadi 3), mara nyingi chini ya usukani upande wa kulia. Kirudishe 0. Madereva wengi wamemiliki gari miaka bila kujua kibonyezo hicho ni cha nini; tutakirudia kwenye hatua ya 9.

7. Chora ukuta. Sogeza gari hadi taa zikaribie kugusa ukuta, likiwa limenyooka. Weka alama ya katikati ya kila taa ya dimu. Mifuniko mingi ina nukta ndogo au msalaba mahali hapo. Rudisha gari nyuma moja kwa moja bila kukata usukani, hadi taa ziwe mita 5 kamili kutoka ukutani. Ukutani chora mstari wa kulala unaopita kwenye alama zote mbili, na mstari wa kusimama kwenye kila alama. Kisha chora mstari wa pili wa kulala chini ya ule wa kwanza:

- sentimita 5 chini, kwa gari ambalo taa zake ziko hadi sentimita 80 kutoka ardhini (saluni nyingi na magari madogo);
- sentimita 7 hadi 8 chini, kwa Hiace, pikapu na magari mengine ambayo taa zake ziko juu zaidi ya hapo.

Sentimita 5 katika mita 5 ni mteremko wa asilimia 1. Kwa taa iliyo sentimita 65 kutoka ardhini, mwanga wako utagusa lami mita 65 mbele.

8. Rekebisha, taa moja baada ya nyingine. Fanya baada ya jua kuzama. Washa dimu, zuia taa moja kwa ubao uliosimamishwa mbele yake. Usiifunge kwa kitambaa. Globu ya wati 55 inaweza kuchoma mfuniko. Ukutani utaona mpaka kati ya giza juu na mwanga chini. Upande wa kulia mpaka umelala. Kushoto unapanda, kwa sababu sisi tunaendesha kushoto na taa inamulika ukingo wetu zaidi. Kona ya kupanda inatakiwa iwe kwenye mstari wa kusimama wa taa ile, na sehemu iliyolala ilingane kabisa na mstari wako wa pili.

Nyuma ya taa kuna skrubu mbili: moja hupandisha na kushusha, nyingine hupeleka kushoto na kulia. Kwenye Toyota nyingi utaona gia ndogo ya plastiki inayozungushwa na bisibisi ya nyota kupitia tundu la juu. Zungusha robo, tazama ukuta, zungusha robo tena. Maliza upande mmoja, ndipo uhamie wa pili. Baada ya hapo bonyeza chini pua ya gari mara mbili, liache litulie, na upime tena. Kwa H4, fulu hufuata dimu yenyewe. Usijaribu kuirekebisha peke yake.

Ukuta huohuo ndio hakimu wa mambo mawili. Kama mpaka hauonekani kabisa, ni wingu la mwanga tu, na gari lina LED za kubandika, zitoe. Na kama mpaka unapanda upande wa kulia badala ya kushoto, taa zako zilitengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Dubai au Ulaya bara huja hivyo. Yaliyotoka Japani au Uingereza hayana shida hiyo. Taa hizo zinammulika kila unayepishana naye hata ukiwa kwenye dimu, na skrubu haiwezi kulitibu. Baadhi zina kiswichi kidogo ndani cha kugeuza upande. Zisizo nacho zinatakiwa kubadilishwa. Kwa sasa zishushe hadi asilimia 2 (sentimita 10 kwa mita 5) na upunguze mwendo.

9. Jifunze kibonyezo cha mzigo. Hapa ndipo kumulikana kwingi kunapoanzia, na ndipo penye jibu la wale wanaopigiwa fulu bila kosa wanalolijua. Chukua gari lenye mita 2.5 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Pakia magunia mawili matatu ya machungwa ya Muheza nyuma, au abiria watatu na mabegi. Mkia ukishuka sentimita 3 tu, pua inapanda asilimia 1.2. Ule mpaka uliokuwa sentimita 5 chini ya mstari sasa uko sentimita 1 juu yake. Kwenye dimu, unammulika mwenzako usoni.

Fanya jaribio ukiwa bado ukutani: weka mzigo wako wa kawaida, zungusha kibonyezo hadi mpaka urudi kwenye mstari wa pili, uikariri namba. Bandika kikaratasi: "familia 2, mzigo 4", au namba zozote ulizopata. Gari lisilo na kibonyezo, kama pikapu nyingi za zamani, linapimwa na kurekebishwa likiwa na mzigo linaobeba siku nyingi. Lenye kujirekebisha lenyewe lina kifaa kidogo chenye mkono kwenye mhimili wa nyuma. Mkono ukivunjika au kutiwa kutu, taa hubaki juu au chini. Tengeneza mkono kwanza, skrubu baadaye.

10. Punguza mwanga wa ndani. Shusha mwanga wa dashibodi hadi usome spidi tu. Skrini ya redio iwe ya usiku, au izimwe. Kioo cha kati kina kijiti chini yake. Kivute, taa za gari la nyuma zitakuwa hafifu. Na simu isikae kwenye kioo mbele ya macho.

Barabarani

11. Kabla hamjapishana. Punguza taa mara unapoona mwanga wa mwenzako, usisubiri uone umbo la gari. Mita 150 ni kiwango cha chini kabisa; kwenye nyoofu za katikati ya mashamba ya mkonge unamwona mbali zaidi, basi punguza mapema zaidi. Ukimfuata mtu kwa nyuma vilevile. Ondoa mguu kwenye mafuta *kabla* hajakufikia, wakati bado unaona, na utumie sekunde hizo kukagua ukingo wa kushoto: kuna mtu? baiskeli? lori lililosimama? Tanga ni mji wa baiskeli, na nyingi hazina taa ya nyuma.

12. Wakati wa kupishana. Macho yashuke kushoto, kwenye mstari mweupe wa ukingo, au pale lami inapoishia kama mstari umefutika. Usiitazame taa. Lakini gari lisifuate macho. Wengi hujikuta wamebanwa ukingoni, na ukingoni ndiko walipo waenda kwa miguu. Asipopunguza, mkumbushe kwa fulu moja fupi. Ya pili haina kazi. Kumlipizia kunafanya madereva wawili wasione, wakiwa wametenganishwa na mita moja au mbili.

13. Baada ya kupishana. Usikanyage mafuta papo hapo. Jicho linahitaji sekunde kadhaa kurudi, na umri ukiongezeka linahitaji zaidi. Kwa kilomita 80 kwa saa unasafiri mita 22 kila sekunde: sekunde 5 ni mita 110 za kuendesha kwa kubahatisha.

Kuhusu mwendo wenyewe, hesabu ni hii. Kwa kilomita 80 kwa saa, kwenye lami kavu, unahitaji mita 53 hivi kusimama. Kwa 64, mita 36. Mtu aliyevaa nguo nyeusi kwenye dimu unaweza kumwona akiwa chini ya mita 50. Ndiyo maana 80, ambacho ni kikomo cha kisheria cha mabasi na magari yanayozidi kilo 3,500, si mwendo wa usiku kwa anayeendesha kwa dimu. Tunashauri 60, na chini ya hapo kila unapokuja mwanga mfululizo. Kwenye makazi sheria imeshaamua: 50.

Mambo ya barabara zetu ambayo mgeni huyakosa:

Taa moja inayokuja si lazima iwe bodaboda. Inaweza kuwa lori lililounguza taa ya kulia, na ubavu wake wa kulia, ulio gizani, ndio unaopishana na wewe. Mpe nafasi ya lori hadi uthibitishe.

Matawi ya miti juu ya lami ni onyo kwamba mbele kuna gari bovu. Vunja mwendo palepale, hata kama huoni kitu. Pembetatu zinatakiwa kisheria, lakini usizisubiri.

Anayetoka Tanga kwenda Segera jioni anaelekea magharibi, jua likiwa usoni. Jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo hivi kulingana na mwezi, na giza huingia ndani ya nusu saa. Vua miwani ya jua mara linapozama. Wale wa "waja leo waondoka leo" wanaorudi Dar usiku wapumzike Muheza au Segera robo saa; jicho lililochomwa na jua mchana kutwa linachelewa kuzoea giza, na baada ya Segera mnaungana na mabasi na malori ya kutoka Arusha na Moshi.

Kwenye vumbi, au ukungu wa kupandia Amani na Lushoto, fulu inarudi machoni mwako mwenyewe. Dimu, na mwachie aliye mbele hadi vumbi lake litulie.

Ikikataa

*Dimu zote mbili hafifu, globu nzima.* Rudi hatua ya 5. Kama betri yenyewe iko chini ya volti 13.5 injini ikiwa inaunguruma, kagua mkanda na alteneta.

*Upande mmoja tu hafifu au mwekundu.* Waya hasi wa upande huo, au fedha ya kioo cha ndani imeungua. Fungua kifuniko cha nyuma, tazama kwa tochi. Ikiwa imekuwa ya kijivu au imebanduka, badili taa nzima.

*Globu zinaungua kila mwezi.* Pima umeme injini ikiwa inaunguruma na kukanyagiwa mafuta: ukizidi volti 15, kidhibiti cha alteneta kimekufa. Kama umeme ni sawa, klipu imelegea na globu inatikisika, au imeshikwa kwa vidole.

*Skrubu inazunguka, mwanga hausogei.* Kishikio cha plastiki ndani kimevunjika. Usiendelee kuzungusha. Vishikio vinapatikana kwa wauza vipuri vilivyotumika, mara nyingi pamoja na taa yake.

*Maji ndani ya taa.* Ukungu mwepesi unaokauka taa zikiwaka nusu saa ni kawaida. Matone yanayobaki ni kifuniko cha nyuma kilichopasuka au mrija wa kupumulia uliozibwa na udongo. Kausha, zibua, badili kifuniko. Usizibe tundu la kupumulia kwa gundi. Unyevu utakosa pa kutokea.

*Kila kitu kimepimwa, bado wananipigia fulu.* Kagua springi za nyuma zilizochoka, kibonyezo kilichosahaulika kwenye 0, na taa za ziada zilizofungwa kwenye bampa zikiwaka pamoja na dimu.

*Kioo safi, taa sawa, bado ninamulikwa kuliko wenzangu.* Sasa ni zamu ya macho. Miwani ya njano haisaidii: inapunguza mwanga wote, na mtu wa gizani anazidi kupotea. Nenda kliniki ya macho. Mtoto wa jicho hujionyesha mapema kwa namna hii hii, taa kusambaa usiku, huku mchana ukisoma vizuri tu. Na miwani ya kuonea mbali iliyopitwa na wakati hufanya hivyohivyo. Ukiona pete za rangi kuzunguka taa pamoja na jicho kuuma na kuwa jekundu, usisubiri asubuhi. Iache gari hapo na umpate mtu wa kukupeleka hospitali.